Kahawa: Mambo ya Mwanzo Yampasayo Mtu wa Pwani Kuyajua

Ni jambo la kustaajabisha kwamba watu wa Mombasa walikuwa wakinywa kahawa kabla haujapandwa hata mbuni mmoja katika mashamba ya Kenya, na hata hivyo wengi wao hawajapata kuuona mti wenyewe. Katika ng'ambo zote tatu za kisiwa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, mkaa ukiwaka chini yake, akigonganisha vikombe vidogo mkononi ili watu wajue kwamba amefika. Wateja huinywa kahawa chungu, yenye tangawizi, bila sukari, huku wakitafuna kashata, tende au halua.

Wakati huo huo, maelfu ya magunia ya buni hupita Changamwe yakitoka nyanda za juu za Kenya, Uganda na nchi za jirani, kwenda kupakiwa melini Kilindini. Basi mtu wa ng'ambo huliona gunia, na hukiona kikombe, asiyaone yaliyo kati yake. Mkulima wa Nyeri au Kirinyaga, kwa upande wake, huujua mti tangu utoto. Lakini wakulima wengi hunywa chai, wala hawajapata kuonja kahawa iliyotoka katika shamba lao wenyewe.

Kutojua huku kuna hasara pande zote mbili. Karani asiyejua tabia ya buni huziweka mahali pa kuziharibu. Mnunuzi asiyejua kitu huuziwa unga mweusi usio na asili. Na mkulima asiyejua ladha ya zao lake hawezi kufahamu kwa nini jirani yake amelipwa zaidi. Yafuatayo ni mambo ya mwanzo, kwa faida ya mtu apendaye kujifunza.

MAJINA KWANZA

Mti huitwa mbuni, punje zake huitwa buni, na kinywaji huitwa kahawa. Maneno haya yalikuja kutoka Kiarabu, ambamo punje huitwa *bunn* na kinywaji *qahwa*. Lakini katika biashara ya Kenya neno "mbuni" lilipata maana nyingine. Wafanya biashara hulitumia kwa matunda yaliyokaushwa mazima juani pasipo kumenywa wala kuoshwa, na kahawa ya namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo. Kwa hiyo karani aonaye neno "mbuni" katika hati za mzigo asidhani kuwa ni miche, wala ndege mkubwa wa nyika; ajue kwamba ni kahawa ya daraja la chini.

ILIKOTOKA KAHAWA

Kahawa bora, iitwayo arabika, asili yake ni misitu ya milima ya Ethiopia. Kutoka huko ilivuka bahari hata Yemen, na katika karne ya 15 masufi wa nchi hiyo walikuwa wakiinywa ili wasisinzie katika ibada za usiku. Bandari ya Al-Mukha ikapata sifa kwa biashara yake. Si wote walioipenda. Mwaka 1511 liwali wa Makka aliipiga marufuku, lakini amri yake haikudumu. Kufikia katikati ya karne ya 16 ilikuwa imefika Istanbul, na mwaka 1652 duka la kwanza la kahawa lilifunguliwa London. Wafaransa nao waliichukua kutoka Yemen wakaipanda mwaka 1715 katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho sasa Réunion.

Ndipo mwaka 1893 mapadri Wakatoliki walipoleta mbegu kutoka Réunion wakazipanda katika misheni yao ya Bura, katika milima ya Taita, nyuma ya Voi. Mwaka huo huo mbegu nyingine, zilizotoka Aden, zilipandwa Kibwezi. Yaani Ethiopia na Kenya ni majirani wanaopakana, lakini kahawa ya arabika ilizunguka Yemen na visiwa vya Bahari ya Hindi kabla ya kubisha hodi katika nyumba ya pili. Na ilipobisha hodi, ilianzia Taita, nchi ambayo baadaye ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Pwani.

Afrika ya Mashariki, hata hivyo, ilikuwa na kahawa yake nyingine. Wahaya wa Bukoba na Waganda tangu zamani walizitumia buni za robusta, si kwa kunywa bali kwa kutafuna. Huzichuma kabla hazijaiva sana, huzichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huzikausha. Mgeni akifika hupewa buni za kutafuna kama vile mtu wa pwani apewavyo kikombe. Na watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, waligawana buni mbili zilizolala katika tunda moja.

Nchini Kenya kilimo cha kahawa kilikuwa kwa miaka mingi mali ya walowezi peke yao, maana Waafrika walizuiwa kuipanda. Katika miaka ya 1930 wakulima wachache wa Kisii, Meru na Embu waliruhusiwa, tena kwa mashamba madogo. Ruhusa kubwa ilikuja kwa Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wamewatangulia sana: chama chao cha kwanza cha wakulima wa kahawa kiliundwa mwaka 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933.

KWA NINI HAIPANDWI CHANGAMWE

Mwenye kujifunza huuliza upesi: ikiwa kahawa ina faida, mbona haipandwi Likoni au Kisauni? Jibu ni joto. Arabika hupenda nchi ya juu, kwa Kenya kama mita 1,400 hata 2,000 juu ya bahari, yenye siku za joto la wastani na usiku wa baridi. Baridi hulifanya tunda liive polepole, na punje ikawa ngumu na yenye ladha nyingi. Robusta huvumilia joto na hustawi katika nchi za chini, kama sehemu nyingi za Uganda. Nayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ni chungu zaidi, na bei yake kwa kawaida ni ndogo.

Lakini pwani haikunyimwa kabisa. Katika misitu ya pwani, ikiwa ni pamoja na ile ya Shimba Hills iliyo kusini-magharibi ya Likoni, humea mbuni wa mwitu ambao wataalamu huuita *Coffea pseudozanguebariae*. Ajabu yake ni kwamba buni zake hazina kafeini. Haulimwi kwa biashara, lakini wataalamu wameuchunguza sana kwa sababu ya tabia hiyo.

KUTOKA TUNDA HATA BUNI

Tunda la kahawa lililoiva ni jekundu. Ndani yake kwa kawaida mna punje mbili zilizokaliana uso kwa uso, na kila punje imevaa mavazi mawili: ganda gumu la rangi ya maziwa, na chini yake utando mwembamba. Kila hatua ifuatayo ni kuondoa vazi moja baada ya jingine, na kila hatua inaweza kuinua au kuangusha bei.

Kwanza, kuchuma. Yapasa kuchuma matunda mekundu tu, kwa mkono, na kurudi katika mti ule ule mara nyingi katika msimu. Tunda bichi hutia ladha ya majani makavu. Lililopitiliza hutia ladha ya pombe iliyoharibika. Ndiyo sababu viwanda vya ushirika humtaka mkulima ayamwage matunda chini na kuyachambua kabla ya kupimwa.

Pili, kumenya. Siku ile ile matunda hupitishwa katika mashine iondoayo nyama. Punje hubaki na utelezi, nazo huachwa katika matangi kwa saa 12 hata 36, kwa kadiri ya baridi ya mahali, mpaka utelezi uchachuke na kulegea. Mtunza tangi huzisugua mkononi: zikikwaruza kama changarawe, zimekuwa tayari. Akichelewa, zitanuka uvundo, na uvundo huo hautoki tena.

Tatu, kuosha na kukausha. Buni huoshwa kwa maji safi, kisha hutandazwa juu ya vitanda vya waya vilivyoinuliwa, zikageuzwa mara kwa mara kwa siku kumi, kumi na nne au zaidi. Jua kali la mchana na mvua zote ni adui, kwa hiyo hufunikwa. Unyevu ukishuka hata kama sehemu 11 katika 100, zimekauka vya kutosha.

Nne, kukoboa. Ganda gumu huondolewa katika kinu kikubwa cha mashine, na buni ya kijani hutokea. Katika kazi yote hii, kilo saba za matunda, au pengine sita, zimezaa kilo moja tu ya buni safi. Gunia moja la kilo 60 lionekanalo Changamwe limetoka katika kilo 400 hivi za matunda, yaliyochumwa moja moja kwa vidole.

DARAJA NA MNADA

Buni zikiisha kukobolewa hupitishwa katika machekeche yenye matundu ya vipimo mbalimbali. Kubwa, zisizopita katika tundu la milimita 7.2, huitwa AA. Zifuatazo huitwa AB, na ndogo zaidi C. Buni ya mviringo, iliyokua peke yake katika tunda, huitwa PB. Buni kubwa mno huwekwa katika E, na nyepesi zilizopeperushwa na upepo wa mashine huitwa TT na T. Zile zilizokaushwa na tunda lake, yaani "mbuni" tuliyoitaja, ni MH kwa nzito na ML kwa nyepesi.

Hapa wengi hukosea. Herufi hizi ni kipimo cha ukubwa na uzito, wala si kipimo cha ladha. Yaweza kuwapo AA iliyovunda na AB yenye ladha safi kupita kiasi. Ndiyo sababu wanunuzi hawanunui kwa macho. Kabla ya mnada wa Nairobi, ulioanzishwa katika miaka ya 1930, sampuli ndogo hupelekwa kwa wanunuzi, nao huzikaanga na kuzionja. Mwonjaji hutia gramu 8 hivi za kahawa iliyosagwa katika kikombe, humimina maji ya moto, hungoja dakika nne, huvunja povu kwa kijiko, kisha huivuta mdomoni kwa nguvu ili ienee ulimi wote. Katika kahawa ya Kenya yeye hutafuta uchachu mtamu kama wa matunda, ambao umeipa nchi hii sifa duniani. Sehemu ya sifa hiyo ni ya mbegu za SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika Maabara ya Scott karibu na Nairobi katika miaka ya 1930. Baadaye zilifuata Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, zenye nguvu ya kupambana na ugonjwa wa matunda na kutu ya majani.

KATIKA GHALA NA BANDARI

Hatua hii ndiyo iwahusuyo hasa watu wa Changamwe. Tangu reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, hapa ndipo mlango wa mazao ya bara. Na hata kituo cha reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, kipo karibu, Miritini. Kahawa ya Kenya na sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda, nchi ambayo ni miongoni mwa zile ziuzazo kahawa nyingi kabisa katika Afrika, hupita upande huu.

Buni iliyokauka ni kama sifongo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na buni ikikaa ghalani muda mrefu huuvuta, hupoteza rangi yake ya kijani na kuwa nyeupe-nyeupe, na ladha hugeuka kuwa kama ya gunia. Tena huvuta harufu. Ikilazwa karibu na samaki wakavu, sabuni, mafuta ya taa au viungo, harufu hiyo itafika hata kikombe cha mnywaji wa Ulaya. Kwa hiyo magunia yapasa kulazwa juu ya mbao, mbali na ukuta, katika ghala lipitishalo hewa, na yale yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka.

Kontena nalo lina hila yake. La futi 20 huchukua magunia kama 320, yaani tani 19 na zaidi. Likifungwa katika joto la Mombasa na kufika Ulaya wakati wa baridi, mvuke uliomo hugeuka matone chini ya paa na kunyesha juu ya magunia kama mvua. Ndiyo maana kuta na paa hutandikwa karatasi nene kabla ya kupakia. Kazi ya mkulima ya mwaka mzima yaweza kuharibiwa na kontena lililokuwa bichi ndani, au lililobeba kitu chenye harufu siku chache kabla.

MOTO, KINU NA MAJI

Anayetaka kujifunza nyumbani anunue buni za kijani kidogo, robo kilo yatosha. Azitie katika kikaango kizito juu ya mkaa, akoroge bila kuacha. Kwanza zitanuka kama majani, kisha zitakuwa manjano na kunuka kama mkate, halafu hudhurungi. Zikifika hapo zitaalika kwa sauti kama bisi. Mlio huo ukiisha, zimeiva kwa kuonjwa. Akiendelea, zitaalika mara ya pili kwa sauti ndogo, zitoe mafuta na kukaribia weusi. Ladha ya shamba itapungua, na ladha ya moto itazidi. Kwa kukaangwa hupungua uzito kama sehemu 15 hata 20 katika 100. Azimwage upesi katika ungo na kuzipepea, maana zikiachwa katika kikaango huendelea kuungua.

Halafu apike vikombe viwili vya buni zile zile. Cha kwanza kwa namna ya waonjaji: kahawa na maji tu, maji yaliyochemka kisha yakaachwa yatulie kidogo. Cha pili kwa namna ya pwani: kahawa iliyochemshwa pamoja na tangawizi iliyopondwa, na iliki akipenda. Hakuna kilicho bora kuliko kingine. Kila kimoja kina kazi yake. Cha pwani ni kinywaji cha mazungumzo, na tangawizi yake huweza kusetiri kasoro za buni. Cha mwonjaji hakisetiri kitu, na kwa hicho mtu hujua kama mchumaji, mtunza tangi na mweka ghala walifanya kazi yao.

Kahawa iliyosagwa huchuja upesi, na tena haionyeshi kilichomo. Mahindi yaliyounguzwa yakichanganywa humo hayaonekani. Mwenye hekima hununua punje nzima, akasaga au kutwanga kiasi cha siku.

FAIDA YA KUJUA

Bei ya kahawa haiamuliwi Karatina wala Kilindini. Ya arabika hufuata soko la New York, na ya robusta soko la London. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975 ilipandisha bei duniani, na katika miaka ya 1976 na 1977 wakulima wa Kenya walipata fedha wasizopata kuziona. Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa kiasi cha kila nchi yalivunjika, na bei ikaanguka karibu nusu. Nchini Kenya mazao, yaliyokuwa yamefikia karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, yalishuka. Katika miaka ya karibuni yamekuwa karibu tani 50,000 au pungufu. Wengi walichoka kungoja malipo yaliyokatwa njiani, na wengine waking'oa mibuni. Mwaka 2023 ulianzishwa mfumo wa kuyapeleka malipo ya mnada moja kwa moja katika hesabu za wanaohusika, ili mkulima asingoje mkononi mwa mtu wa kati.

Fikiri hesabu hii. Kilo saba za matunda zazaa kilo moja ya buni, nayo ikikaangwa hubaki kama gramu 830, ambazo kwa gramu 8 kila kimoja ni vikombe mia moja. Mkulima aijuaye hesabu hii akiambiwa bei ya kilo ya matunda, na akaijua bei ya kikombe mjini, ataweza kuuliza maswali ya maana katika mkutano wa chama chake: matunda yangu yalizaa buni kiasi gani, ziliingia daraja gani, waonjaji walisema nini, na makato yalikuwa ya nini. Mkulima na aweke stakabadhi zake za mizani, na karani wa ghala naye aandike siku gunia lilipoingia na hali yake lilipofika. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe asidhani kwamba kahawa ni kazi ya watu wa bara peke yao. Kupanga madaraja, kuonja, kukaanga, kutunza ghala na kuuza ni kazi zihitajizo ulimi mwepesi, pua nzuri na mkono mwaminifu. Baba zake walikuwa na ulimi wa kahawa tangu zamani. Kilichobaki ni kuongeza elimu juu yake.